Mistari Miwili Iliyokwenda Pamoja

Niliujua mwandiko wake miaka miwili kabla ya kumjua kwa sura. Fomu zake zilifika Kasulu kila Ijumaa ndani ya bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi wa katani, na mimi ndiye niliyezifungua. Namba moja yake ilikuwa na pua ndefu, hata mgeni angeisoma saba. Saba yake ilikuwa na mkanda tumboni. Nne aliiacha wazi juu. Alipokosea hakufuta; alipiga mstari mmoja, akaandika namba sahihi pembeni, akaweka tarehe na herufi mbili za jina lake, kama tulivyofundishwa sote na kama wengi wetu tulivyosahau. Kati ya wahudumu wote wa afya waliotuletea fomu kutoka Kibondo, Kakonko na vijiji vya Kasulu, zake nilizibakiza za mwisho, jinsi mtu anavyobakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani.

Kazi yangu ilikuwa kuingiza namba hizo kwenye kompyuta. Sikuisomea. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa karani wa masjala ya hospitali, na mradi wa utafiti wa dawa ulipokuja kutafuta mtu anayejua kuwasha kompyuta na kuizima bila kuvuta waya, nilikuwa mimi. Kila fomu iliingizwa mara mbili, na watu wawili, kisha kompyuta ikalinganisha. Namba zilipotofautiana tulirudi kwenye karatasi. Karatasi isipoeleweka nilipanda pikipiki nikaenda kumuuliza aliyeiandika. Data zote zilipokwisha kusafishwa zilipelekwa mbali, na huko mbali watu tusiowajua walizichambua baada ya mtoto wa mwisho kumaliza dawa. Majibu yalipotufikia, watoto waliopimwa wakiwa mgongoni walikuwa wanachunga mbuzi.

Takwimu nilijifunza mwenyewe, kwa Kiingereza cha kuokoteza na kamusi iliyopoteza jalada. Neno lililonishinda nililiandika kwenye daftari, na sikuendelea na ukurasa mpaka nimelielewa kwa kitu ninachoweza kukishika. Wastani niliuelewa haraka. Mtawanyiko ulinichukua wiki tatu, mpaka siku niliyochukua futi ya fundi nikapima mihogo ya shamba langu, mstari kwa mstari, nikaona kwamba mistari miwili inaweza kuwa na wastani mmoja na bado isifanane hata kidogo: huku mihogo yote ya kiunoni, kule mmoja wa magotini na mwingine unanipita kichwa. Mke wangu aliniuliza napimia nini mihogo ambayo haijakomaa. Nikamwambia natafuta mtawanyiko. Akasema nikiupata nirudi nao pamoja na kuni.

Baada ya hapo nilijifunza kuandika programu, kwa njia hiyo hiyo, daftari moja baada ya jingine. Nayaeleza haya kwa sababu bila kuyajua mtu hataelewa jinsi nilivyojivunia nilichokuja kukifanya, wala jinsi nilivyokiamini.

Miaka michache iliyopita mradi ulibadilisha kila kitu. Bahasha za kaki ziliisha. Kila mhudumu alipewa kishikwambi. Anachokijaza asubuhi kijijini Kumsenga kinafika kwenye hifadhidata kabla ya chakula cha mchana. Majina ya watoto yaliondolewa kwenye data. Mtoto ni namba, kijiji chake ni namba, mhudumu wake ni namba, na orodha inayounganisha namba na jina imefungiwa kwenye kabati kliniki ya Kibondo. Siri ya mgonjwa ni haki yake. Nilikubaliana na hilo na ninakubaliana nalo hadi leo. Daktari wa mradi aliniomba niandike sehemu ya programu itakayozisoma data kila asubuhi, ili tusingoje mwisho ndipo tujue kuna tatizo. Daktari huyo ni mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na tano, aliyeletwa kutoka mkoa mwingine. Ananiita kaka. Hana tabia ya kusifu.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa watoto wenye upungufu wa damu. Tulilinganisha aina mbili za madini ya chuma. Kundi moja la watoto lilipewa dawa ya maji, nyekundu, tamu, kijiko kimoja kwa siku. Kundi la pili lilipewa unga wa pakiti, usio na ladha, unaochanganywa kwenye uji. Kishikwambi ndicho kilichompangia kila mtoto kundi lake kwa bahati nasibu, siku ya kwanza. Kila wiki ya pili mhudumu alifika nyumbani, akamtoboa mtoto kidole, akapima wingi wa damu kwa kifaa kidogo, akaangalia chupa imepungua kiasi gani au pakiti ngapi zimetumika.

Programu yangu ilimchorea kila mtoto mstari. Kila asubuhi nilifika ofisini Kasulu, nikaweka chai pembeni, nikawaangalia watoto wa wilaya tatu wakipanda kidogo kidogo kwenye kioo. Sikujua jina la hata mmoja, lakini nilimjua aliyekuwa anachelewa na aliyeanguka ghafla, na kwa yule aliyeanguka nilimpigia daktari simu kabla chai haijapoa. Enzi ya bahasha tungemgundua mwaka uliofuata. Sijawahi kufanya kazi iliyonipa furaha kama hiyo.

Niliongeza na kanuni nyingine. Kila anayefanya kazi hii amesikia habari za mhudumu aliyechoka, anayekaa kivulini akabuni namba badala ya kupanda mlima. Namba za kubuni huwa zinafanana mno. Kwa hiyo niliiagiza programu: watoto wawili wa mhudumu mmoja, mistari yao ikienda pamoja kwa muda mrefu kupita kawaida, iigeuze iwe myekundu. Niliijaribu kanuni hiyo kwenye data za zamani na ikafanya kazi vizuri. Daktari aliisoma, akauliza maswali mawili, akaikubali.

Jumanne moja asubuhi mistari miwili ikawa myekundu.

Mhudumu alikuwa namba kumi na moja. Majina ya wahudumu hayakuwemo kwenye data, lakini namba hizo niliwagawia mimi mwenyewe, na kumi na moja ilikuwa yake, yule dada wa Kumsenga mwenye saba ya mkanda.

Nilirudia hesabu kwa mkono. Vipimo sita mfululizo vya wingi wa damu, na kila mara watoto wale wawili walipishana kwa nukta moja au mbili, au hawakupishana kabisa. Mmoja alikuwa wa dawa ya maji na mwingine wa pakiti, kwa hiyo mistari ilitakiwa iachane walau kidogo, haikuachana. Muda wa kuingiza fomu ulionyesha kwamba ya kwanza na ya pili zilifuatana kwa dakika mbili tatu, ilhali kumpima mtoto mmoja vizuri huchukua robo saa. Uzito wao ulikaribiana. Umri wao ulikuwa mmoja, miezi ishirini na sita. Huo umri niliuona. Niliutazama, nikauandika kwenye taarifa kama ushahidi wa nne wa kunakili, nikaweka saini.

Utaratibu ni kwamba mhudumu aliyetiliwa shaka husimamishwa na kishikwambi chake huchukuliwa mpaka maelezo yapatikane. Yasipopatikana, barua huandikwa, na mtu aliyeandikiwa barua ya kubuni data hachukuliwi tena na mradi wowote. Zaidi ya hapo, kwake Kumsenga kila mama anamjua kama mtu wa vipimo. Angekuwa nani baada ya barua hiyo?

Daktari aliisoma taarifa yangu akiwa amesimama.

"Kaka, una uhakika?"

Nilimwambia hesabu haina kosa.

"Nimekuuliza wewe. Sijaiuliza hesabu."

Aliketi, akasema atampigia dada simu kumjulisha kwamba nakwenda, kwamba kishikwambi nitakichukua mimi, na kwamba kama huko kuna kitu cha kuonekana nikione kabla ya Ijumaa. Ijumaa ataandika barua.

Jumatano niliondoka Kasulu mapema kwa pikipiki. Njia nzima nilifanya kile ninachokifanya nikiwa na wasiwasi: nilipanga maswali kwa mfuatano. Lakini akilini lilinijia jambo lisilokuwa kwenye mfuatano, siku ile ya kwanza nilipomfuata kwake na fomu mkononi, miaka mingi nyuma, kumuuliza kama ile ni moja au saba. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Akasema, "Kumbe ni wewe unayenisumbua kwa barua? Nilidhani ni mzungu." Kisha akaniwekea ugali wa muhogo na samaki, migebuka yenye mafuta ya mawese, akaketi kando yangu kunionyesha namba zake moja moja, kama anayenitambulisha kwa watoto wake. Tangu siku hiyo mimi ni mdogo wake na yeye ni dada yangu, ingawa hatuna undugu wowote. Vishikwambi vilipokuja akaanza kuniita bwana mashine. Alisema mashine yangu haina pa kuandika pembeni.

Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Tulisalimiana kwa Kiha, lugha ya kwetu, kwa kirefu, mke, watoto, mvua, njia. Ndani, juu ya meza, kishikwambi kilikuwa tayari kimefungwa kwenye kipande cha kitenge, na juu ya fundo amechomeka waya wa chaji uliokunjwa vizuri. Nilikiona tangu mlangoni. Alikuwa amekiandaa kama mtu anavyomwandaa mgeni anayesafiri.

Nilimwambia kuna watoto wawili ambao vipimo vyao vimeleta swali. Akauliza ni watoto gani. Nikamtajia namba zao.

"Mimi nawajua kwa majina, mdogo wangu. Namba ni zenu."

Nikasema majina sina, kisheria sitakiwi kuwa nayo. Aliniangalia kwa huruma fulani. Akaenda chumbani akarudi na daftari la kaunta, lile lenye jalada gumu, limevalishwa gazeti. Nikauliza ni la nini. Akasema huandika humo kwanza, kila kitu, namba na jina na kipimo, akifika nyumbani ndipo anaingiza kwenye kishikwambi, kwa sababu watoto wa watu hushindania kukigusa kile kioo na yeye hataki kukisimamia huku ameshika kidole kinachotoka damu. Hapo dakika zangu mbili tatu zikapata maelezo, na nilikuwa bado sijaketi vizuri.

Alishusha kidole kwenye ukurasa akitafuta namba ya kwanza. Akaipata. Akaitafuta ya pili. Ilikuwa mstari unaofuata. Akaanza kucheka. Hakucheka kwa kelele. Mabega tu yalikuwa yanatikisika, na mkono mmoja ameuweka mdomoni. Akaligeuza daftari kunielekea.

Kwetu Buha, nchi ya Waha, mtoto hapewi jina la ukoo. Kila mtoto ana jina lake, na ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne yasiyohusiana. Lakini wapo watoto ambao majina yao hayachaguliwi na mzazi. Mapacha, popote walipozaliwa, aliyetangulia ana jina lake na aliyefuata ana lake, yale yale tangu mababu. Ukimsikia mtu anaitwa hivyo huhitaji kuuliza. Mimi ni Muha. Nimezaliwa kijijini, nyuma ya Kasulu, na nilisoma darasa moja na pacha wa pili na nikamzika pacha wa kwanza wa jirani yetu. Majina yale mawili yalikuwa yameandikwa pale kwa wino wa bluu, moja juu ya jingine, na mkanda wa saba ukiwa kando yake kwenye tarehe ya kuzaliwa, saba na saba, siku ile ile.

Kama ingekuwa enzi ya bahasha, fomu zikiwa na majina, ningejua mara tu baada ya kufungua uzi.

"Hawa ndio waliokutoa Kasulu?" alisema. "Bwana mashine, ungenipigia simu ningekwambia wanaitwaje, ukabaki unakunywa chai yako."

Nilitaka kuishia hapo. Lakini mimi si mtu wa kuishia hapo, na nadhani dada alijua. Mapacha wanaweza kufanana damu, nikamwambia, lakini hawa wanatumia dawa mbili tofauti kwa miezi mitatu. Kufanana namna hii hakuelezeki kwa kuzaliwa siku moja tu. Nikamuuliza kama amewahi kuona wakinyweshwa.

Akaacha kucheka. Akasema fomu huuliza chupa imepungua? Imepungua. Pakiti zimetumika? Zimetumika. "Haijawahi kuuliza nani amekunywa nini."

Fomu ile niliitengeneza mimi.

Siku ile haikuwa siku yao ya kupimwa, ila ilikuwa karibu, na dada alisema kupima siku mbili kabla kanuni inaruhusu. Alichukua mkoba wake wa vifaa, tukapanda kwa miguu, maana njia ya kwenda huko pikipiki haiipendi. Nyumba ilikuwa juu, katikati ya migomba. Mama wa watoto, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alinipa shikamoo na kuniwekea kigoda. Dada alimwambia mimi ndiye ninayesoma damu za watoto wake kwenye kompyuta. Mama akanitazama kwa makini, kama anayetaka kujua nimesoma nini humo.

Mapacha walikuwa wasichana. Walikuwa wamevaa magauni ya kitambaa kimoja, na hata kovu dogo la nyusi nadhani lilikuwa kwa wote wawili, ingawa hilo sikuliandika. Dada alimkalisha wa kwanza mapajani, akafuta kidole chake kwa pamba. Alipotoboa, mtoto alikunja uso. Wa pili, aliyekuwa amesimama pembeni, hajaguswa, alikunja uso pia. Kisha akanyoosha kidole chake na kukiweka kando ya kile cha mwenzake, kabla hakijaombwa. Kifaa kilisoma tisa nukta nne. Kwa kidole cha pili kilisoma tisa nukta tano. Niliandika kwenye daftari langu saa, dakika, namba, na kwamba nimeona kwa macho yangu.

Ilikuwa karibu na wakati wa uji wao. Nilimwomba mama afanye kama anavyofanya siku zote, asitujali. Alileta bakuli moja. Akachana pakiti, akamimina unga, akakoroga. Akachukua chupa ya dawa nyekundu, akajaza kijiko, akamnywesha wa kwanza mpaka nusu, akakitoa, akampelekea wa pili nusu iliyobaki. Wa pili akalamba kijiko. Halafu wote wawili wakakaa juu ya bakuli lile moja, kila mmoja na kijiko chake, vichwa vinagusana.

Mimi nilimuuliza mama, kwa Kiha na kwa upole nilioweza, kama aliambiwa kwamba chupa ni ya huyu na pakiti ni za yule.

Akasema aliambiwa, na alisikia.

"Hawa hawagawanywi, baba. Huyu akipewa kitamu na huyu akatazama, aliyetazama ataugua. Nyinyi mtakuwa mmeshaondoka. Atakayekesha naye ni mimi."

Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayemweleza mgeni mahali maji yalipo. Na mimi nilikulia kwenye kitongoji ambako pacha mmoja akinunuliwa viatu mwingine hununuliwa siku hiyo hiyo, mmoja akipelekwa zahanati mwingine huenda ingawa mzima, na akifa mmoja aliyebaki hufanyiwa mambo ili asimfuate. Kila mtu kule juu alijua kwamba dawa ile ingegawanywa nusu kwa nusu. Asiyejua ni kishikwambi, kilichowarushia bahati nasibu kila mmoja peke yake, na mimi niliyekuwa najua nikasahau kukiambia.

Mtandao kule hupatikana nyuma ya choo, karibu na mti wa mwisho wa mparachichi. Nilikwenda pale nikampigia daktari, nikamweleza kwa mfuatano. Alinisikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza.

"Nusu kwa nusu kweli?"

"Nimeona kijiko."

Akauliza kuhusu afya yao. Nikamwambia wote wanapanda. Alisema kipimo walichopata hakiwezi kuwadhuru, nusu na nusu ni kama kimoja, na kwamba watoto hawataondolewa: kanuni ya utafiti ni kuwa mtoto huhesabiwa katika kundi alilopangiwa, na yaliyotokea huandikwa wazi kando yake. Kisha akasema nikiache kishikwambi kwa mwenyewe.

"Na ile taarifa yangu ya kwanza?" nikauliza.

"Usiifute. Piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni, weka tarehe na herufi zako."

Hakujua ni fomu za nani zilizonikumbusha hayo maneno kila Ijumaa.

Tuliporudi kwake dada alifungua kitenge, akakichukua kishikwambi, akakirudisha kwenye msumari wake ukutani ndani ya mfuko kinamokaa. Akaketi kwenye maharage yake. Nilimwambia kwamba kanuni iliyomtilia shaka haikutoka mbali, niliiandika mimi, na saini iliyokuwa chini ya taarifa ni yangu.

"Najua," alisema. "Nani mwingine huku anahesabu hivyo?"

Nikamwambia samahani. Nilikuwa nimeipanga sentensi ndefu lakini haikutoka, likatoka hilo neno moja.

Alipukuchua ganda moja, na jingine. "Daktari aliponipigia, sikulala vizuri, sikufichi. Halafu nikasema, anayekuja ni yule wa saba. Atauliza. Tangu zamani akiona kitu hakieleweki anakuja kuuliza."

Nilitaka kumwambia kwamba safari hii sikuja kuuliza, nilikuja kuchukua. Niliutazama ule waya wa chaji, bado umekunjwa mezani, na nikaona kwamba hilo pia analijua. Aliniambia nisogeze kigoda nimsaidie maharage, maana jua lilikuwa bado juu na mimi nimekaa kama mkaguzi. Nikasogea. Tulipukuchua mpaka ungo ukajaa, na hatukuzungumza habari za damu tena.

Kazi iliyofuata ilinichukua wiki mbili. Niliongeza swali kwenye fomu ya siku ya kwanza: mtoto huyu ana pacha? Na jingine: nyumbani anakula bakuli moja na nani? Daktari alikubali kwamba kuanzia hapo mapacha wapangiwe kundi moja. Tulipowarudia walioandikishwa tulipata jozi nyingine upande wa Kasanda. Hao kwa bahati walikuwa wote wa pakiti, kwa hiyo hapakuwa na cha kugawana, na kanuni yangu haikuwahi kuwaona. Kanuni yenyewe sikuiondoa. Nilibadilisha tu jina lake. Zamani niliiita ya kunakili. Sasa inaitwa ya kuuliza, na mistari ikifanana haigeuki myekundu, inageuka ya njano, na linalofuata ni simu kwa mhudumu, si taarifa.

Jambo la mwisho niliomba kwa maandishi, na daktari alilikataa kwanza ndipo akalikubali. Sasa kila mhudumu ana daftari, na kila Ijumaa hupiga picha ukurasa wake, amefunika majina kwa karatasi, na picha hiyo huambatana na data. Daktari aliniambia, kwa haki kabisa, kwamba programu haiwezi kusoma picha za mwandiko wa mkono. Nikamwambia nitazisoma mimi.

Ijumaa ya kwanza picha ya mhudumu namba kumi na moja ilifika saa nne asubuhi, imepigwa upande, kidole gumba kimeingia kwenye kona. Niliigeuza. Katikati ya ukurasa kulikuwa na namba mbili zilizofuatana ambazo sasa nazijua bila majina, na pembeni, pale ambapo mashine yangu haikuwa na nafasi, ameandika kwa wino wa bluu: wamegawana kama kawaida, wazima wote wawili. Nilisogeza kikombe cha chai. Nikasoma namba zote kuanzia juu, taratibu, kama zamani, moja zenye pua ndefu, nne zilizo wazi, na kila saba na mkanda wake.